Tafiti za uhalifu: Matokeo ya Meatu yapimwe kabla ya kutumika Rwamgasa

Mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yameifanya mikoa ya Shinyanga, Geita na jirani zake kufuatiliwa na watafiti kwa muda mrefu. Matokeo ya tafiti hizo hupimwa kwa vigezo viwili: uhalali wa ndani, yaani iwapo sababu inayotajwa ndiyo kweli iliyoleta tokeo; na uhalali wa nje, yaani iwapo matokeo hayo yanafaa kutumika mahali pengine.

Utafiti wa mwanauchumi wa Marekani, Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2005, ulihusisha vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, wakati huo ikiwa Mkoa wa Shinyanga na sasa Simiyu. Ulibaini kuwa katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, wengi wao wanawake wazee, yalikuwa takribani mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka.

Uhalali wa ndani wa utafiti huo ni mkubwa. Hakuna mwanakijiji anayepanga kiasi cha mvua, hivyo haiwezekani kudai kuwa uhalifu ndio ulioleta ukame. Aidha, kwa kuwa mauaji mengine hayakupanda, hoja kwamba hali mbaya ya hewa huchochea vurugu za kila aina inakosa mashiko.

Hata hivyo, Rwamgasa wilayani Geita ina mazingira tofauti. Kipato cha familia nyingi hutegemea maduara ya dhahabu, makarasha na biashara zinazoyazunguka. Duara linaweza kukosa mawe yenye dhahabu katika mwaka ambao mvua imenyesha vizuri. Kukadiria hatari kwa kutazama mvua pekee kunaweza kuwaacha wazee bila ulinzi wakati wanapouhitaji zaidi.

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu. Wachimbaji huhama kufuata dhahabu, hivyo kiwango cha uhalifu kinachokokotolewa kwa idadi ya watu ya Sensa ya mwaka 2022 kinaweza kuonekana kimepanda, kumbe walioongezeka ni watu.

Tahadhari hiyo inahusu pia tafiti za machimboni. Mwaka 2010, Deborah Fahy Bryceson na wenzake walichapisha makala iliyochambua uhusiano wa wachimbaji wadogo, waganga na hirizi zinazohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Uchambuzi huo unasaidia kuelewa soko la imani hizo, lakini haumfanyi kila mchimbaji kuwa mtuhumiwa, wala hauelezi mauaji ya wazee katika vijiji vya wakulima.

Kwa halmashauri na vyombo vya ulinzi, hatua ya kwanza ni kuuliza utafiti ulifanyika wapi, kwa watu gani na kwa takwimu zipi. Kwa wananchi, wajibu ni kutoa taarifa za vitisho na matukio kwa serikali ya kijiji na Polisi. Tukio lisiloripotiwa haliingii katika takwimu, na ulinzi unaopangwa kwa takwimu hizo hautamfikia anayetishiwa.