Makocha Wawaachie Watoto Macho Yao

Samaki hukunjwa angali mbichi, wala hilo halina mjadala. Linalosikitisha ni kwamba makocha wengi wa watoto, mjini Durban kama kwingineko, huukunja mwili na kuisahau akili. Mtoto wa miaka minane hupangwa mstari, akazungushwa kwenye koni, na kila agusapo mpira husikia "Piga! Toa! Rudi!", hata siku ya mechi ikifika humtazama kocha badala ya kuutazama uwanja. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu, na akili aliyojaliwa haikukusudiwa itumiwe kwa niaba yake na mtu mzima aliyesimama pembeni.

Kinachouawa hapo ni ubunifu wa kimbinu, yaani uwezo wa kuona, katikati ya purukushani, njia ambayo wapinzani hawakuitarajia na ambayo inaifaa timu. Kwani chenga isiyo na faida ni maringo tu. Mtaalamu wa Ujerumani, Daniel Memmert, pamoja na wenzake, wameonyesha kwamba mchezaji aliyebanwa na maagizo hushindwa kumwona hata mwenzake aliye wazi, asiyekabwa na mtu. Ndiyo maana hushauri watoto waanze kwa kucheza kwa uhuru, katika timu ndogo, michezo mbalimbali ya miguu, mikono na magongo. Wazee waliocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi waliipata elimu hiyo bila ada.

Durban yenyewe ilishuhudia matunda ya elimu hiyo tarehe 7 Julai 2010, Uhispania ilipoitoa Ujerumani 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, uwanjani Moses Mabhida. Bao la Carles Puyol lilikuwa la kichwa, kutokana na kona, lakini mpira ulitawaliwa na Xavi na Andrés Iniesta, waliolelewa Barcelona kwa zoezi la rondo, ambamo wachezaji hupasiana katika duara huku wenzao wa katikati wakiuwania mpira, na kila mmoja hulazimika kuamua mwenyewe.

Wazazi nao wastahili pongezi, maana huamka alfajiri ya Jumamosi na kufua jezi bila kunung'unika. Ila mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mzazi anayemfokea mwanawe kwa pasi iliyopotea humfunza kuogopa kujaribu.

Na wapo wenye funguo za viwanja vya shule, wanaofunga mageti kengele ya mwisho ikilia, watoto wakabaki wakicheza kandokando ya magari. Wayafungue mageti hayo kila alasiri, na mtu mzima atakayekaa humo kuwalinda watoto anyamaze.