Boti ya Kumtazama Kiboko Iwe ya Nani?

Alfajiri, kabla ziwa halijachangamka, kiboko husikika kabla hajaonekana. Anatoa pua, anapumua kwa nguvu, mvuke unaruka, kisha masikio mawili yanatikisika yakikung'uta maji. Nilikuwa kwenye mtumbwi wa mzee mmoja wa upande wa Nyegina, tukienda kutoa nyavu alizotega jioni. Aliinua kafi, akaacha mtumbwi ujiendee wenyewe, tukanyamaza mpaka yule mnyama akazama.

"Huyu ametoka kwenye viazi vya watu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Anarudi kulala."

Nikamuuliza: baba, ukisikia kuna mgeni anataka kulipa fedha aje amwone huyo, utasemaje? Alivuta kamba ya boya la kwanza, akaanza kuingiza wavu ndani, ndipo akajibu kwa swali: "Amlipe nani?"

Sijasikia mtu akiliweka suala la utalii wa ziwani vizuri kuliko hivyo.

Wenzetu wa nchi za kaskazini hupanda boti kwenda kutazama nyangumi kwenye bahari ya baridi kali, wamejifunga makoti mpaka kidevuni. Kwa Kiswahili, maji baridi yana maana nyingine pia: ni maji yasiyo na chumvi. Na sisi wa Mara tunakaa kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, maji baridi ya kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambayo karibu nusu yake ni ya Tanzania. Humo mna viboko, mamba, kenge, na fisi maji mwenye madoa shingoni, ambaye hula samaki amemshika kwa mikono miwili kama mtoto na hindi la kuchoma. Juu ya miamba kuna mnandi waliotandaza mabawa kuyakausha, na furukombe ambaye mlio wake ukishausikia mara moja hutausahau. Mgeni anatoka mbali, anazunguka Serengeti siku tatu nne, anatokea lango la Ndabaka pale Bunda, ziwa analiona upande mmoja wa barabara, gari linakata kwenda Mwanza. Hashuki.

Nyangumi hatunao. Lakini watafiti waliochunguza vifo vya nyumbu katika Mto Mara walichapisha mwaka 2017 hesabu ambayo sijaacha kuifikiria: kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka wakivuka mto huo, na uzito wa mizoga yao ni kama tani 1,100, sawa na nyangumi kumi wa buluu. Mizoga hiyo hulisha mamba, tumbusi, korongo na samaki, na mifupa huendelea kuyarutubisha maji kwa miaka kama saba. Mto ule ule, baada ya kupita Serengeti, unaingia kwenye matete ya bonde la Mara, unapita chini ya Daraja la Kirumi na kumwagika kwenye Ghuba la Mara. Kwa hiyo anayedhani wanyama wa Mara wanaishia kwenye mpaka wa hifadhi hajaufuata mto mpaka mwisho. Na mto huo huleta ya heri na ya shari. Machi 2022 maji yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza bondeni. Wakazi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Walioathirika kwanza walikuwa wavuvi, si watalii.

Nasema wazi kwamba mimi ni miongoni mwa wanaotaka boti hizo zije. Uvuvi umekuwa mgumu, vijana wanakaa mwaloni hawana la kutoa majini, na mtu anayejua kiboko analala wapi na fisi maji anatokea mwamba gani ana elimu ambayo haifundishwi chuoni. Katika mji mdogo wa Húsavík, kaskazini mwa Iceland, safari za kutazama nyangumi zilianza mwaka 1995 kwa boti za mbao zilizokuwa za uvuvi. Zilikarabatiwa, zikarudi majini na kazi mpya. Boti ya mvuvi haikufa na ujuzi wa bahari haukupotea.

Ila kuna mambo mawili yaliyotokea karibu na kwetu ambayo hatuna ruhusa ya kuyapuuza.

La kwanza ni Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Zamani pomboo pale waliuawa kuwa chambo cha kuvulia papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kulipa kuwaona, na pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajui njaa ya mvuvi. Lakini boti ziliongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwepo, pomboo hupumzika kwa muda mfupi zaidi na kusafiri zaidi. Miongozo ya kuwakaribia ilikuwepo, lakini nahodha mwenye wageni waliolipa akiona boti ya mwenzake imesogea, naye husogea. Ukichelewa kuweka sheria, huna tena wa kumzuia, maana kila mmoja ana mkopo wa injini shingoni.

La pili ni Ziwa Naivasha, Kenya. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akipiga picha ukingoni mwa ziwa hilo. Habari ilienea dunia nzima siku ile ile. Saa chache kabla ya hapo, ziwani humo humo, kilomita chache tu, mvuvi wa Kikenya naye alikuwa ameuawa na kiboko. Kwenye magazeti ya nje yeye alipewa sentensi moja, chini, baada ya mgeni. Hata hapa kwetu wengi wanaokumbuka tukio hilo humtaja mtalii peke yake.

Hapo ndipo swali la mzee wangu linapouma. Kiboko mmoja anaweza kuwa mapato ya mwekezaji mchana na hasara ya mkulima usiku. Sheria yetu inakiri hasara hiyo kwa majina mawili ya upole, kifuta jasho na kifuta machozi, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari. Neno lenyewe linasema: si fidia. Na watu wa Bunda wana sababu ya kusikiliza kwa makini kila mradi wa wanyama na ziwa unapotajwa, kwa kuwa wameona kata ya Nyatwali ikihamishwa ili wanyama wa Serengeti wafike majini. Wengine watasema uhifadhi ulihitaji hivyo, na hoja ya maji kwa wanyama ina uzito. Hata hivyo familia iliyofunga mizigo ina haki ya kuuliza faida ya mandhari ile itaingia mfuko gani.

Rai yangu ni hii: boti za kutazama wanyama katika Ghuba la Mara na visiwa kama Lukuba zianzie mialoni, na leseni za kwanza zitolewe kwa vikundi vya wavuvi kupitia BMU zao, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, kabla ya tajiri yeyote wa mbali. Mwenye kubeba gharama ya mnyama awe wa kwanza kushika usukani. Sehemu ya kila tiketi iende kwenye mfuko wa kijiji wa kulipa nyavu zilizochanwa na mashamba yaliyoliwa, ulipe ndani ya wiki, bila faili kwenda na kurudi wilayani. Na masharti ya umbali yaandikwe kabla boti ya kwanza haijashuka majini: injini izimwe mbali na viboko; wala mamba na furukombe wasitupiwe samaki ili mgeni apate picha, maana mnyama aliyezoea kulishwa na boti ataifuata hata boti isiyo na mtalii, yenye mama na watoto wake.

Kuna watakaosema wavuvi hawana mtaji wala Kiingereza. Mtaji hukopwa, na lugha ya kuonyesha fisi maji ni kidole. Pingamizi lililo zito kwangu ni usalama, na hilo silifichi. Ziwa hili lilichukua watu zaidi ya 220 kivuko cha MV Nyerere kilipozama tarehe 20 Septemba 2018, na Julai 2023 mitumbwi iliyobeba waumini ilizama kule Mchigondo, Bunda, watu zaidi ya kumi wakafa. Mtumbwi wa dagaa hauwezi kugeuzwa wa abiria kwa kupakwa rangi. Ukaguzi, jaketi la kuokolea kwa kila kichwa na nahodha anayejua upepo wa mchana ni vitu vya kulipiwa mwanzoni, na kama halmashauri ina fedha ya kuanzia, ianzie hapo, wala si kwenye mabango.

Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika mwisho wa wavu. Mzee alinyoosha sehemu moja kwenye goti lake, akaingiza ngumi kwenye tundu, ngumi ikapita. Pembeni kulikuwa na sato aliyebaki kichwa. "Fisi maji," alisema, bila hasira, akageuka kuangalia miamba kama vile anamtafuta jirani. Kisha akatoa sindano ya nyavu kwenye mfuko wa shati, na tukiwa bado tunaelea, akaanza kushona.