Fidla Ina Kwao Mbagala

Kuna imani iliyoota mizizi Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke vilevile: kwamba rekodi yenye fidla inayopigwa peke yake mbele, kwaya na okestra zikiibeba, ni muziki wa Wazungu na wakazi wa Masaki. Mtu wa Mbagala, husemwa, muziki wake ni singeli na taarabu.

Taarabu hiyohiyo inaikanusha imani hiyo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla ilikuwamo kundini mwake. Dar yenyewe ilikuwa na vikundi vya taarabu vya Al-Watan na Egyptian kabla ya uhuru. Na anayetaka ushahidi wa kusikia kwa sikio lake aisikilize Culture Musical Club ya Zanzibar: fidla kadhaa, udi, kanuni, akodiani, besi, na safu ya waitikiaji. Mpiga fidla huachiwa nafasi ya kupiga taksimu, yaani kuizunguka makamu, ngazi ya sauti za wimbo, kwa akili yake mwenyewe, bila nota mbele yake. Fidla ya pekee, okestra, waitikiaji. Kinakosekana nini hapo?

Kwaya nayo haihitaji utetezi. Wimbo wa Taifa umejengwa juu ya utenzi wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, ulioimbwa na kwaya kabla haujawa wa taifa lolote. Kijitonyama, wilayani Kinondoni, ndiko ilikotoka Kwaya ya Uinjilisti iliyoimba “Hakuna Mungu Kama Wewe”.

Kilichoiondoa fidla masikioni ni kinanda cha umeme. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilikikumbatia kwa sababu mtu mmoja alitosha kufanya kazi ya watu kumi, na studio za kwaya zikafanya hivyohivyo. Kizazi kilichofuata kikaisikia fidla halisi kwenye filamu tu, kikaiona ngeni. Hasara hiyo inauma, kwa kuwa sauti ya kubonyeza haiwezi kulia kama uzi unaokwaruzwa.

Watu wa Kinshasa hawakukubali kuambiwa muziki wa fidla na okestra si wao. Okestra ya kanisa la Kimbanguiste ilianza mwaka 1994 na waumini wa kawaida, wengine wakijitengenezea ala, hadi ikapiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake.

Hata kwetu wapiga fidla hawako mbali: chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilianza kufundisha Zanzibar mwaka 2002. Kwaya ya Temeke inayochangisha fedha za sare na video inaweza kuwaalika wapiga fidla wanne studio, ikawatungia wimbo mpya wa Kiswahili, na katikati yake ikaacha nafasi ya taksimu.