Wingu Halifungi Mlango Ulioachwa Wazi

Siku hizi twaambiwa kwamba kompyuta ya mtumishi wa umma haipo tena mezani. Mafaili, programu na hata dawati lenyewe vimehamia kwenye wingu. Aliyeko Sumbawanga hufungua tu dirisha la kuvitazama. Basi, husemwa, taarifa zi salama. Hoja hii ni ya kutulaza usingizi.

Wingu hilo halipo angani. Ni seva zilizomo ndani ya jengo fulani, chini ya uangalizi wa watu fulani. Hata zikilindwa namna gani, mlango wake ni nywila. Na nywila iliyobandikwa ukutani, ikatumiwa na idara nzima pamoja na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ni ufunguo uliotupwa sokoni. Zamani mwizi alibeba kompyuta moja. Leo huingia akiwa popote, na kwa kuwa akaunti ni ya wote, hatambuliki.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Haimruhusu kumsingizia fundi aliye mbali.

Tudai mambo matatu: kila mtumishi awe na akaunti yake, nywila ifuatiwe na uthibitisho wa pili, na akaunti ifungwe siku ileile mwenyewe anapohamishwa. Hayo hayasubiri mfadhili. Yanamsubiri mkuu wa idara anayetambua kwamba faili la mgonjwa wa Laela na hati ya shamba la mkulima wa Matai ni amana, si mali yake.