Sigiri, Sigara na Pumzi

Shangazi yangu alitibiwa kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili makohozi yake hayakuonyesha kitu. Vidonge alivimeza hadi mwisho. Alilalamika jambo moja tu: akipanda kutoka Nakulabye kwenda Kasubi, hapa Kampala, na jerikeni ya maji, pumzi inamwishia njiani. Aliulizwa kama anavuta sigara, akajibu havuti, maswali yakaishia hapo. Amepikia kuni na mkaa miaka mingapi, hakuna aliyetaka kujua.

Makala haya yanaanzia hapo. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Masindi, Uganda: kati ya watu wenye miaka zaidi ya 30, asilimia 16 walikuwa na ugonjwa sugu wa kubanwa njia za hewa, ambao madaktari huuita COPD. Ni kama mmoja katika kila sita. Wanawake waliugua sawa na wanaume, na sehemu kubwa ya wagonjwa hawakuwa wametimiza miaka 40. Ulaya huu ni ugonjwa hasa wa wazee waliovuta sigara maisha yao yote. Kwetu mara nyingi huanzia jikoni, mtoto akiwa mgongoni mwa mama anayepuliza moto.

Simama Wandegeya jioni. Kijana wa rolex, zile chapati za mayai, anapepea sigiri ya mkaa kwa mfuniko wa ndoo, kageuza uso pembeni, kisha anainamia tena chapati zake. Saa tano usiku bado yupo.

Mvutaji asishangilie. Kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, Doll na Hill walilionyesha tangu 1950 kwa wagonjwa wa hospitali za London. Tena mapafu yaliyokwisha kubanwa huwa karibu zaidi na saratani, hata ukilinganisha watu waliovuta kiasi kilekile. Sheria yetu ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku shisha, ikakataza kuvuta ndani ya mita 50 za mahali pa umma. Kampuni ya sigara ya BAT wakaipinga kwenye Mahakama ya Katiba, wakashindwa 2019. Sheria nzuri. Sigiri haiigusi, na mimi nisingependa iiguse: ukimnyang'anya mama mkaa bila gesi anayoimudu, watoto watalala njaa.

Kipimo cha pumzi, hata hivyo, hakimnyimi mtu chakula. Spirometa unaipuliza kwa nguvu zako zote mpaka hewa iishe. Ikiwa, hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua kifua, hewa iliyotoka sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote, njia zimebanwa. Pumu kwa kawaida hufunguka. Ugonjwa huu wa COPD haufunguki ukaisha.

Shangazi alipimwa mwaka jana. "Jjajja, puliza, puliza, usiache!" muuguzi alimhimiza. Akapuliza, akakohoa, akacheka.

"Mwanangu," aliniambia tukitoka, "miaka yote hii napuliza moto, leo ndiyo wamenipima nilivyopuliza."