Metcalf alionewa: yadi zake zilihesabiwa vibaya

Kila mwezi wa nne, kule Marekani, timu za NFL zinachagua kwa zamu vijana waliotoka kucheza mpira wa Kimarekani katika vyuo vikuu. Ndugu zetu wengi wamehamia kule na watoto wao wanasoma katika mashule yenye mchezo huo, basi na sisi huku tunaufuatilia. Na kila mwaka wimbo ni ule ule. Mpokeaji fulani, yaani yule anayekimbia mbele kudaka mpira anaorushiwa, anaambiwa kwamba si wa kutegemewa: mwaka mmoja yadi nyingi, mwaka mwingine chache. Mimi nasema hiyo ni hukumu ya uvivu.

Tuchukue DK Metcalf wa chuo cha Ole Miss. Mwaka 2016 alivunjika mguu mapema sana na msimu ukamalizika. Mwaka 2017 akapata yadi 646. Mwaka 2018, yadi 569. Mwenye kusoma karatasi tu atasema: mnaona, ameshuka! Lakini zile 646 alizipata kwa mechi 12. Zile 569 ni za mechi 7 tu, kwa maana mwezi wa kumi aliumia shingo. Ugawanye mwenyewe, ndugu msomaji: 2017 ni kama yadi 54 kwa mechi, 2018 ni 81. Kijana alikuwa anapanda! Tena mipira alikuwa anagawana na A.J. Brown, ambaye peke yake mwaka huo alichukua yadi 1,320.

Siku ya kuchaguliwa, mwaka 2019, wapokeaji 8 waliitwa mbele yake. N'Keal Harry, aliyepita yadi 1,000 miaka miwili mfululizo chuoni, alichukuliwa na New England katika nafasi ya 32. Andy Isabella wa chuo cha UMass, mwenye yadi 1,698, akaenda Arizona katika nafasi ya 62. Hesabu zao zilikuwa safi, hazina shimo. Harry alikaa New England miaka mitatu na yadi zake zote kwa jumla hazikufika 1,000. Isabella hata nafasi ya kudumu hakuipata. Metcalf aliitwa wa 64, na Seattle. Mwaka wa kwanza yadi 900, wa pili 1,303. Na kinachochekesha, ile nafasi ya 64 ilikuwa mkononi mwa New England wenyewe, wakaiachia Seattle kwa kubadilishana na nafasi zingine mbili za chini.

Hayo si maneno ya mchezo tu. Mkataba wa kwanza unafuata nafasi. Wa Harry ulipita dola milioni 10 kwa miaka minne, wa Metcalf haukufika milioni 5.

Wengine watanijibu kwamba waganga waliogopa ile shingo, na kwamba katika majaribio alikuwa mzito wa kugeuka. Sikatai, shingo si kidole. Lakini kama hofu ni shingo, waseme shingo, wasijifiche nyuma ya yadi. Na kijana mzima wa afya, anayerushiwa mpira vizuri kila wiki na kuuangusha, huyo ni kesi nyingine. Huyo mumpunguzie bei, sitamtetea.

Kosa hilo halikuishia 2019. Mwaka 2023 raundi nne nzima zilipita bila Puka Nacua wa BYU kuitwa. Rams walimchukua katika nafasi ya 177. Msimu wake wa kwanza alidaka mipira 105 kwa yadi 1,486, hesabu ambayo hakuna mchezaji mgeni wa NFL aliyewahi kuifikia kabla yake. Chuoni mwaka 2022 alikuwa na yadi 625 tu, na watu wakaziona ni kidogo. Alikuwa amecheza mechi 9.