«UKO HAKIKA?» SWALI HILO PEKE YAKE HALITULINDI

Wafanyakazi wenzetu, tukitaja usalama, wengi hufikiri kofia ngumu, viatu na taa ya shimoni. Leo tutazame kompyuta ya biro. Ndani yake mna majina yetu, miaka yetu ya kazi, vipimo vya vumbi na picha za mapafu yetu.

Mtu akitaka kufuta dosiye, kompyuta humwuliza: «Uko hakika?» Chini yake pana Oui na Non. Wengine husema swali hilo linatosha. Sisi tunasema halitoshi.

Sababu ni hii: mkono huzoea. Karani anayeulizwa swali lile lile mara nyingi kwa siku, hata kwa karatasi isiyo na maana, mwishowe halisomi tena. Kidole hubonyeza Oui kabla macho hayajaona. Ni kama kengele inayolia kutwa nzima bure: siku ya hatari hakuna anayegeuza kichwa.

Tuchukue mfano. Mwaka 1998, huko Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ilitolewa kwa makosa, na sehemu kubwa ya filamu ikapotea. Nakala za akiba zilipotafutwa, zilikuwa na kasoro. Kilichookoa kazi ile ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mama mmoja mfanyakazi, Galyn Susman, aliyekuwa akifanya kazi nyumbani baada ya kujifungua.

Filamu yaweza kuchorwa tena. Picha ya mapafu ya miaka iliyopita haiwezi kupigwa tena leo. Silikozi, ugonjwa unaoletwa na vumbi la mawe, mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi. Munganga hulinganisha picha ya leo na ile ya zamani. Dosiye ikifutwa, mfanyakazi ataonyeshaje kwamba aliingia kazini na mapafu mazima? Na mjane wake atadai haki kwa karatasi gani?

Fundi wa umeme anayetengeneza mashini haridhiki na kuuliza, «Mmezima?» Hufunga swichi kwa kufuli lake, na ufunguo huutia mfukoni. Dosiye zetu nazo zinataka kufuli:

1. Kinachofutwa kiende kwanza kwenye kapu, ili kiweze kurudishwa.

2. Swali liulizwe kwa mambo mazito tu, na litaje kitu chenyewe: dosiye za nani, za mwaka gani, na ngapi.

3. Nakala iwekwe katika jengo lingine, na ijaribiwe mara kwa mara kama inafunguka.

4. Dosiye za afya zisifutwe na mtu mmoja peke yake.

Wakubwa wa kazi wasiseme tu, «Karani amekosa.» Mashini isiyo na kizuizi huharibiwa hata na mtu mwangalifu akichoka. Lakini karani naye asome kabla ya kubonyeza. Akiwa na shaka, aache na kuuliza mwenzake.

Nanyi akina mama na baba nyumbani, wekeni karatasi za munganga na za kazi pamoja, mahali pakavu. Siku ya haja, hizo ndizo zitakazosema kwa ajili yenu.

Kufuta ni kazi ya sekunde moja. Tujihadhari!